Kamba, bomba au brekidauni? Namna ya kuchagua njia ya kuvuta gari Dar es Salaam

RAV4 Kilitime ya mdogo wangu ilizima Kibaha, saa mbili usiku, akitokea Morogoro. Kilichokuwa kimekatika ni mkanda wa altaneta. Betri ikaliwa mpaka ikaisha, gari likanyamaza pembeni mwa barabara. Brekidauni ilipatikana haraka, tukashukuru. Wakanyanyua magurudumu ya mbele, ya nyuma yakaachwa chini yanazunguka, wakaja hivyo hadi Tabata.

Asubuhi fundi akafunga mkanda mpya, akaazima betri, gari likawaka mara moja. Akaweka D. Gari likasogea kama limefungiwa jiwe nyuma, likaguna kwa chini, na harufu ya oili iliyoungua ikapanda kutoka katikati ya gari, usawa wa miguu ya dereva. Mkanda ulikuwa hela ya kawaida. Baada ya hapo tukaanza kutafuta giaboksi.

Dereva wa ile brekidauni hakuwa na nia mbaya. Alifanya anavyofanya kila siku kwa IST na Vitz, na kwa IST na Vitz nyingi angekuwa sahihi kabisa. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza usiku ule ni hili: injini ya gari hili inazungusha magurudumu yapi? Jibu lake ndilo linalochagua njia ya kuvuta. Unene wa kamba, bei na hata umbali vinafuata nyuma yake.

Kabla ya yote, watu washuke

Washa hazadi. Weka pembetatu ya kuakisi mwanga nyuma ya gari, hatua hamsini au zaidi ukiwa kwenye barabara kubwa kama Morogoro au Mandela. Abiria wote washuke wakasimame nje ya lami, upande wa mtaro, watoto wakiwa wameshikwa mkono. Matawi ya mti yanasaidia mchana kwa sababu kila dereva wa hapa nchini anayaelewa, ila usiku hayaonekani mpaka tairi limeshayapanda. Ukiondoka, yaondoe barabarani.

Kama ni ajali, gari lisiguswe mpaka trafiki wapime na kuruhusu. Kama una bima kubwa, pigia kampuni yako simu kabla hujapatana bei na mtu, uulize kama mkataba wako unarudisha gharama ya kuvuta na hadi kiasi gani. Wakisema ndiyo, utahitaji risiti ya EFD, kwa hiyo mwambie mwenye brekidauni mapema.

Njia ya mwendokasi si mahali pa kusukumia gari bovu, hata kama muda huo iko tupu.

Soma kadi ya gari

Chukua kadi ya gari, tafuta namba ya chesisi. Herufi na tarakimu za mwanzo, zile kabla ya kistari, zinakuambia ni toleo gani. IST ikianza na NCP60 au NCP61, inavutwa na magurudumu ya mbele. NCP65 ni fowili, yaani injini inazungusha magurudumu yote manne. Noah AZR60 ni ya mbele, AZR65 ni fowili. Harrier zile watu wanaziita tako la nyani, ACU30 ni ya mbele na ACU35 ni fowili. Premio ZZT240 ni ya mbele, ZZT245 ni fowili. Mark X GRX120 inasukumwa na magurudumu ya nyuma, GRX125 ni fowili.

Umeshaona mtindo wake: kwenye Toyota hizi, tano mwishoni ni alama ya fowili. Usiifanye kuwa sheria ya kila gari. Kilitime ya milango mitano yenye ACA21 inaishia na moja, na ni fowili ya muda wote. Laiti tungelijua hilo usiku ule. Subaru Forester ni fowili, iwe na maandishi ya AWD nyuma au yawe yamebanduka zamani.

Kadi haipo? Chutama nyuma ya gari, umulike kwa tochi ya simu katikati ya magurudumu ya nyuma. Ukiona bonge la chuma la mviringo, hiyo ni difu, na ukiona bomba refu linaloingia humo likitokea mbele, hiyo ni propela shafti. Gari la magurudumu ya mbele halina vitu hivyo. Utaona tangi la mafuta, eksozi na chuma kinachounganisha matairi mawili, basi. Ikiwepo propela shafti, gari lako ni la nyuma au ni fowili. Nenda mbele uangalie kama kuna shafti zinazoingia pia kwenye matairi ya mbele.

Sababu ya kuhangaika hivi ni oili. Kwenye giaboksi ya otomatiki kuna pampu inayosukuma oili kwenye gia, beringi na klachi zake, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Ukilivuta gari huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, yanazungusha vyuma vilivyo ndani ya giaboksi wakati hakuna oili inayopelekwa. Kuweka N hakuzuii jambo hilo. N inatenganisha injini na magurudumu, lakini sehemu ya giaboksi iliyo upande wa magurudumu inaendelea kuzunguka. Giaboksi za CVT, yaani otomatiki zisizo na gia za hatua, nazo zina shida hiyohiyo.

Kwa fowili ya muda wote kuna ubaya wa pili. Katikati kuna kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na kimetengenezwa kwa magurudumu yanayozunguka kwa mwendo unaokaribiana. Ukinyanyua mbele na kuacha nyuma izunguke, upande mmoja umesimama na mwingine unakimbia. Joto linazaliwa pale katikati, kilomita baada ya kilomita. Ndiyo ile harufu.

Manyuo, giaboksi ya kubadili gia kwa mkono, haina pampu ya namna hiyo. Gia zake zinajirushia oili zenyewe zinapozunguka, kwa hiyo inavumilia zaidi kuvutwa ikiwa nyutro, hasa ile ya magurudumu ya mbele. Nadhani hapa ndipo kosa letu linapoanzia. Tumekua tukiona Hiace, Kirikuu na Canter zikivutwa kwa kamba mtaani bila kudhurika, na magari hayo mengi yalikuwa manyuo. Magari yamebadilika, mazoea yakabaki. Leo mtu ana Harrier ya otomatiki, anaifunga kamba kama baba yake alivyoifunga Peugeot 504.

Njia zilizopo, na gari gani liende na ipi

Kamba au mkanda ndiyo njia rahisi na ndiyo yenye hatari nyingi. Gari linalovutwa linabaki na magurudumu manne chini, na ndani lazima awemo dereva wa kushika usukani na breki. Inafaa kwa manyuo, kwa mwendo mfupi wa mtaani. Kwa otomatiki ninaikubali kwa kazi moja tu: kulitoa gari katikati ya barabara na kulifikisha pembeni penye usalama. Huo ni msimamo wangu na siubadilishi kwa sababu ya foleni au bei. Kabla ya hapo soma kitabu cha gari; baadhi ya matoleo yanakataza kabisa hata mwendo mfupi.

Bomba la chuma lenye pini pande zote mbili ni bora kuliko kamba kwa jambo moja kubwa: gari la nyuma haliwezi kulivaa la mbele. Madereva wa malori wanalipenda kwa sababu hiyo. Lakini kwa giaboksi, bomba na kamba ni kitu kimoja, kwani magurudumu yote bado yako chini.

Brekidauni ya kunyanyua inashika magurudumu mawili na kuacha mawili. Kwa otomatiki ya magurudumu ya mbele, nyanyua mbele, shusha hendibreki, na unaweza kwenda umbali mrefu bila wasiwasi. Kwa Mark X au Crown inayosukumwa na nyuma, nyuma ndiyo inyanyuliwe. Hapo sasa gari linatembea kinyumenyume likitegemea matairi ya mbele, na hayo yakigeuka gari linayumba. Usukani lazima ufungwe ubaki umenyooka, kwa mkanda imara. Loki ya usukani peke yake haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Njia nyingine ni fundi kufungua propela shafti, kisha gari linyanyuliwe mbele. Nati zake ni chache, ila awe fundi anayejua kuweka alama ili aifunge ilivyokuwa, la sivyo gari litatetemeka likirudi barabarani.

Brekidauni ya kubeba, ile yenye jukwaa linaloshuka, gari linapandishwa kwa winchi na magurudumu yote yanakuwa juu. Fowili ya otomatiki inataka hii. Haibridi kama Prius na Aqua nazo ninaziweka hapa, kwa sababu mota yao ya umeme imeunganishwa na magurudumu ya mbele muda wote, yakizunguka inazalisha umeme hata kama gari limezimwa. Angalau mbele inyanyuliwe, na Harrier ya haibridi yenye mota ya pili nyuma ibebwe nzima. Gari lililovunjika mguu kwenye shimo, gari lililoshushwa chini, na gari lililozama kwenye maji ya Jangwani wakati wa masika nayo yabebwe. Hilo la maji usijaribu hata kuliwasha ili kulipandisha.

Jambo la haraka kuhusu Kigamboni: ukiwa unavuta kwa kamba au bomba, pita Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa mwaka 2016, uache kivuko. Kwenye ngazi ya kuingilia pantoni gari la mbele linapanda wakati la nyuma bado liko kwenye mteremko, kamba inalegea na kukaza kwa ghafla, na pande zote kuna watu wanaotembea kwa miguu. Ulizana mapema na mwenye brekidauni nani atalipia daraja.

Gari limekwama kwenye P na betri imekufa

Hapa ndipo watu wengi wanaburuta gari matairi yakiwa yamefungwa, yakichora lami. Hakuna haja. Kwenye Toyota nyingi za otomatiki, jirani na mkono wa gia, kuna kifuniko kidogo cha plastiki, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, pembeni yake pameandikwa SHIFT LOCK. Kwenye baadhi ni kitufe kilichoachwa wazi.

Kanyaga breki, kaza hendibreki. Weka ufunguo kwenye ACC. Banjua kile kifuniko kwa ncha ya bisibisi bapa, taratibu, kwa sababu plastiki ya gari la miaka 20 lililokaa kwenye jua la Dar inavunjika kama biskuti. Ndani kuna tundu. Ingiza ncha ya bisibisi, bonyeza chini mpaka usikie inazama kidogo, na huku umebonyeza, vuta mkono wa gia kutoka P hadi N. Ukiachia, unabaki N.

Ufunguo usiutoe. Ukiutoa, usukani unajiloki, na gari lenye usukani uliojiloki halivutiki kwa kamba wala kwa bomba. Kwa magari ya kuwasha kwa kitufe, loki ya usukani inahitaji umeme ili ifunguke, hivyo azima betri kwanza, hata ya bodaboda itoshe kwa muda. Azima pia kama hendibreki yako ni ya kitufe. Bila umeme haiachii.

Mahali pa kufunga

Angalia chini ya bampa ya gari la kutoka Japani utaona ndoano au matundu ya chuma bapa. Nyingi kati ya hizo ziliwekwa ili gari lifungwe lisiteleze melini. Zinahimili kuvutwa kuelekea chini, si kuvutwa mbele kwa mstuko. Nimeona moja ikifunguka kama mdomo wa samaki, kamba ikaruka ikapiga boneti, na bahati ni kwamba hakukuwa na mtu amesimama hapo.

Mahali halali ni pete ya kuvutia. Fungua buti, inua zulia, palipo na jeki na spana ya tairi panatakiwa kuwa na pete nene ya chuma yenye meno ya skrubu. Kwenye bampa, mbele na mara nyingine nyuma, kuna kifuniko kidogo cha mraba au duara. Kitoe, zungusha pete iingie, kisha pitisha spana ya tairi ndani ya pete ukaze hadi mwisho kabisa. Pete iliyoingia nusu inapinda. Magari mengi yaliyotumika yanafika bila pete yake, kwa hiyo nenda kaangalie buti lako leo, siyo siku ya kuharibikiwa. Kama haipo, itafute kwenye maduka ya vipuri ukiwa na gari lenyewe, maana skrubu zinatofautiana.

Usifunge kwenye bampa, kwenye mikono ya sasipensheni wala kwenye fimbo za usukani.

Kuhusu kamba yenyewe, mkanda wa kuvutia uliofumwa ni bora kuliko manila, na manila ni bora kuliko waya wa chuma kwa mtu asiye na uzoefu. Waya ukikatika unakata. Angalia uzito ulioandikwa kwenye mkanda. IST ina karibu kilo 1,000, Alphard inakaribia 1,800 ikiwa tupu. Chukua mkanda unaohimili angalau mara mbili ya gari lako, na usiamini maandishi ya mkanda mwembamba uliouziwa dirishani kwenye foleni. Urefu wa mita nne hadi tano unatosha. Katikati funga kitambaa chekundu kikubwa, kanga nzima ikibidi.

Kile kitambaa siyo urembo. Kati ya magari mawili yaliyoachana mita nne, bodaboda wa Dar anaona nafasi ya kupita, na bajaji naye anaiona. Kamba iliyokaza usawa wa magoti haionekani mpaka umeshaifikia. Nimeshuhudia kijana wa boda akiingia kwenye kamba ya namna hiyo, Shekilango, jioni. Aliishia na mkono uliovunjika, na pikipiki ilikuwa ya mkopo. Baada ya siku ile sijakubali tena kuvuta gari kwa kamba pasipo gari la tatu linalofuata nyuma na hazadi, pamoja na mtu anayechungulia dirishani na kupiga kelele kila boda inapokaribia.

Kuendesha gari linalovutwa

Watu wanamweka nyuma mtoto wa shule au mama mgonjwa kwa kuwa "si kushika usukani tu". Hapana. Dereva mzoefu zaidi akae kwenye gari la nyuma. Injini ikiwa imezimwa, breki inakuwa na msaada kwa kukanyaga mara mbili tatu, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Bado inafanya kazi, ila inataka nguvu ya mguu mzima. Usukani wa pawa nao unakuwa mzito. Jaribuni vyote viwili mkiwa mmesimama ili mguu na mikono vizoee.

Wa mbele anaondoka na gia ya kwanza, taratibu mpaka kamba ikaze, ndipo anaongeza. Wa nyuma kazi yake ni kuilinda kamba isilegee: kwenye mteremko na kwenye tuta anagusa breki kidogo, mapema, hata kabla wa mbele hajapunguza. Ikilegea, itaingia chini ya tairi au itakaza kwa kishindo. Kilomita 20 kwa saa zinatosha. Kubalianeni ishara, kwa mfano taa moja simama, honi mbili punguza, au simu iwe imepigwa na kuachwa spika muda wote. Zungukeni njia za ndani zisizo na vilima. Kupanda daraja la juu la Ubungo na kushuka upande wa pili na kamba ni kujitakia. Jumapili asubuhi mji unapumua. Ijumaa jioni, hata kama garage iko jirani, liache gari palipo na mlinzi ulale.

Na kwenye barabara kuu ya Kibaha, Mlandizi, Chalinze, pamoja na yale malori, kamba isitumike kabisa. Mpaka pembeni tu.

Kupatana na mwenye brekidauni

Ukiwa umekwama, kila anayekuja anaonekana mkombozi, na ndiyo saa ambayo lazima useme wazi. Mazungumzo yangu siku hizi huwa hivi:

"Bosi, tunanyanyua mbele, dakika tano tumeondoka."

"Kaka, hii ni fowili, naomba ya kubeba."

"Mbona tumezivuta nyingi tu hizi, hazina shida."

"Nakuelewa, kaka. Ila njia hiyo ilishatuunguzia giaboksi. Kama ya kubeba huna, niunganishe na mwenzako, na wewe nitakupa ya usumbufu."

Mara nyingi wanaunganisha, na bila kununa. Ni watu wa kazi, wanaheshimu mtu anayejua anachotaka na asiyewadharau.

Kabla gari halijaguswa, kubaliana bei yote: mpaka mlango gani, nani analipia daraja, kupakia na kushusha kumo au hakumo. Lipiga gari picha pande zote nne pamoja na ringi na bampa. Chukua namba ya usajili ya brekidauni na simu ya dereva, umtumie ndugu yako. Vitu vya thamani vitoe, kadi halisi ya gari usiiache ndani. Gari likishapanda jukwaani, angalia linafungwa wapi: mikanda ipite kwenye matairi, au kwenye zile ndoano za melini ambazo hapa ndipo kazi yake halali. Fungo mbili mbele na mbili nyuma. Nimewahi kukuta moja tu mbele na jiwe nyuma ya tairi.

Ukitaka kuvuta gari zima nyuma ya Coaster au Canter

Wapo wanaohama mkoa na Canter ya mizigo, na wapo walioigeuza Coaster kuwa nyumba ya safari, kitanda na jiko ndani, na wanataka kuwa na kagari kadogo cha kuzungukia wakifika. Maswali ni yaleyale. Marekani, ambako magari-nyumba ni mengi, Jeep Wrangler inapendwa sana nyuma yake kwa sababu transfa yake, kile kifaa kinachogawa nguvu mbele na nyuma, ina N: ukiiweka hapo, magurudumu yote manne yanazunguka bila kugusa giaboksi. Land Cruiser za zamani zenye mkono wa transfa wenye N, na habu za mbele za kufungua kwa mkono, zinakupa nafasi hiyohiyo. Suzuki Samurai pia. Kwa gari la magurudumu ya mbele, kitoroli cha matairi mawili kinachobeba mbele kinatosha. Kwa mengine yote, trela ya kubeba gari zima, ambayo nayo inasajiliwa na kupewa namba yake TRA.

Hapa uzito ndio wa kuogopa. Gari la kilo 1,300 lisilo na breki zake linasukuma Coaster kwenye kila mteremko, na utalisikia zaidi siku ya mvua. Trela iwe na breki. Kiungio cha nyuma kifungwe kwenye chesisi na fundi wa kuchomelea anayeaminika, siyo kwenye bampa, na minyororo miwili ya akiba ipite kwa kupishana chini ya kiungio ili kikiachia, trela lisianguke kichwa kwenye lami. Taa za breki, indiketa na namba ya usajili vionekane nyuma kabisa. Safari ya kwanza isiwe Morogoro yenye kilomita karibu 190. Zunguka hadi Bunju na kurudi, simama, shika ringi moja moja kwa mgongo wa mkono.

Gari likifika

Kabla hujamlipa mwenye brekidauni sehemu ya mwisho, linganisha gari na zile picha. Shika kila ringi: moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki ilikuwa imeng'ang'ania au hendibreki haikushuka yote, na fundi ajue kabla hajaanza na ubovu wenyewe. Gari likishawaka, liache lipashe moto likiwa P, kisha vuta kijiti cha oili ya giaboksi, kama gari lako linacho. Ipake kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au kahawia nyepesi isiyo na harufu ni salama. Ikiwa nyeusi, ikanuka kama kitu kilichoungulia sufuriani, au ikaacha vumbi linalong'aa kwenye karatasi, zima hapohapo, usiliweke D, na mwite fundi wa giaboksi aje alipo.